Bahari Ndani ya Bomba

Kwenye mtambo wetu wa majitaka, kitu kinachotazamwa kwanza kila asubuhi ni jedwali la kujaa na kupwa kwa maji. Limebandikwa juu ya paneli ya umeme, limejaa alama za kalamu, na mgeni akiliona hudhani tunavua samaki saa za kazi. Mhandisi aliyechora mtambo huu hakuliweka kwenye orodha ya vifaa. Tuliliweka wenyewe, baada ya kuhangaika muda mrefu na pampu iliyokuwa ikinguruma usiku wa manane wakati watu wote wamelala, hakuna anayeoga wala anayefua.

Majitaka yana mwendo wake unaojulikana. Hupanda alfajiri watu wanapoamka, hushuka mchana, hupanda tena jioni, na usiku mkubwa huwa ni matone tu. Kwetu mwendo huo ulikuwa umevurugika. Kuna majuma usiku ulikuwa shwari, na kuna majuma pampu ilizima dakika chache tu kisha ikawaka tena. Aliitwa fundi umeme, akabadilisha swichi ya kuelea, akaenda zake. Pampu ikaendelea vilevile. Mwenzangu mmoja, mtoto wa mvuvi, ndiye aliyepekua daftari la saa za pampu, akahesabu kwa vidole, akasema, "Kaka, pampu haina ugonjwa. Hizi ni siku za bamvua."

Alisema kweli. Mwezi ukiandama na mwezi ukipevuka, bahari hujaa juu kuliko siku nyingine, na siku hizohizo ndipo pampu yetu ilipokosa usingizi. Yakija maji mafu, mwezi ukiwa nusu, nayo ilitulia. Tangu hapo nimeamini jambo moja ambalo vitabu vya bara havilisemi sana: mtambo wa pwani una kazi mbili, kuzuia uchafu usifike baharini na kuzuia bahari isifike kwenye uchafu. Ukishindwa ya pili, ya kwanza huiwezi.

Kutafuta bahari inaingilia wapi ni kazi ya miguu. Tulibeba kifaa kidogo cha kupima jinsi maji yanavyopitisha umeme, maana maji ya chumvi hupitisha umeme kuliko maji baridi, tukafungua chemba moja baada ya nyingine kutoka mtamboni kurudi nyuma kuelekea kwenye nyumba. Kila chemba tuliipima mara mbili: bahari ikiwa imepwa, kisha ikiwa imejaa. Chemba ambayo namba yake haibadiliki ni nzima, pamoja na mabomba yote yaliyo juu yake. Inayoruka, basi chumvi inaingia hapo au huko inakotoka. Ukipata chemba tulivu na inayoifuata imeruka, umeshamkamata mwizi: yuko kati ya hizo mbili.

Wetu alikuwa kwenye barabara ya ufukweni, bomba la zege la zamani lenye viungio vya saruji. Tulingoja maji yajae, tukashusha kioo kwa kamba na kumulika kwa kurunzi. Kwenye kiungio cha tatu maji yalikuwa yakichirizika kutoka pande zote, mepesi, meupe, masafi kabisa, yakidondokea kwenye uchafu. Nilikaa nikiyatazama kuliko ilivyohitajika. Maji masafi ndiyo yaliyokuwa yakitusumbua. Mwizi wa pili alikuwa rahisi zaidi: bomba la dharura la kumwagia baharini pampu zinapokufa. Kifuniko chake cha bawaba, kinachotakiwa kufunguka kwenda nje tu, kilikuwa kimegandwa na makombe kikabaki wazi, na kila bamvua bahari iliingia bila hodi.

Ukubwa wa tatizo unaonekana kwa hesabu ndogo. Lita moja ya maji ya bahari ina takriban gramu 35 za chumvi. Kati ya hizo, kama gramu 19 ni kloraidi na gramu 2.7 ni salfeti. Ikiwa ndoo moja tu katika kila kumi inayofika mtamboni ni ya bahari, kila lita ya majitaka yako ina karibu gramu 2 za kloraidi na robo gramu ya salfeti. Umeme wa kusukuma maji ambayo hayakuhitaji kusafishwa ni hasara ya kwanza, nayo ndiyo ndogo kuliko zote.

Hasara ya pili iliwapata wadudu. Nawaita wadudu, ndivyo tunavyosema kazini, ingawa ni bakteria. Mtambo wetu wa mwanzo ulikuwa wa kupuliza hewa. Njia hiyo ilielezwa mwaka 1914 na Edward Ardern na William Lockett kutoka Manchester, Uingereza. Walipuliza hewa kwenye majitaka, wakaacha tope litue, wakamwaga maji ya juu, lakini tope hawakulitupa. Waliongeza majitaka mapya juu ya tope lilelile, tena na tena. Kazi iliyochukua wiki kadhaa mara ya kwanza ikaja kumalizika ndani ya siku moja, kwa kuwa lile tope lilikuwa limejaa viumbe waliozoea kula uchafu. Mtu anayeendesha mtambo wa namna hii hasafishi maji. Anafuga.

Na mifugo hiyo unaikagua kwa macho. Kila siku tulichota lita moja kutoka kwenye birika la hewa, tukaimimina kwenye chupa ndefu ya kioo yenye mistari, tukaiacha nusu saa. Tope zima huwa la rangi ya hudhurungi iliyokolea, lina harufu ya udongo uliolowa, na haliharakishi kuzama: kwanza hushikana, linakuwa mabonge mepesi, kisha linashuka pamoja likiacha juu maji unayoweza kusomea gazeti. Baada ya usiku wa bamvua kali, chupa ilisema mengine. Tope lilishuka kiasi, lakini maji ya juu yalibaki na ukungu, vipande vidogovidogo vikielea visijue pa kwenda. Sodiamu ya chumvi huchukua nafasi ya kalsiamu inayowashikanisha bakteria, mabonge yanavunjika, na tope linatoka na maji badala ya kubaki. Wale wanaobadili amonia kuwa nitrati ndio huumia zaidi. Huzaana polepole mno, na wakishasombwa au kufa, unangoja siku nyingi kabla hawajarudi kwenye idadi ya kufaa.

Wapo waliotuambia kwamba chumvi na majitaka haviwezani kabisa. Si kweli. Hong Kong wanasukuma vyoo kwa maji ya bahari tangu miaka ya 1950, wakazi wake wengi wanafanya hivyo mpaka leo, na mitambo yao inasafisha. Bakteria huzoea chumvi ikiwa ipo kila siku kwa kiasi kilekile. Wasichokizoea ni kuyumbishwa: leo maji baridi, kesho robo bahari, keshokutwa maji baridi tena. Kwa hiyo hatukuhangaika kuifukuza kila chembe ya chumvi. Tuliziba kiungio, tukasafisha kifuniko cha bawaba na kuweka zamu ya kukikwangua, na lile lililobaki tukalisawazisha kwa kutumia tangi moja lililokuwa halina kazi: majitaka yanaingia humo kwanza, yanachanganyika, kisha yanaingia kwenye mtambo kwa kasi moja usiku na mchana.

Hasara ya tatu ni salfeti, na hapa nitakaa kidogo kwa kuwa inaua.

Majitaka yakilala ndani ya bomba bila hewa, bakteria wengine hutumia salfeti badala ya oksijeni, na wanachokitoa ni haidrojeni salfaidi, ile gesi ya uvundo wa mayai viza. Majitaka ya bara yana salfeti kidogo, hivyo gesi ni kidogo. Ukimimina bahari ndani, umewapa karamu. Gesi inapanda, inafika kwenye paa la chemba lenye unyevu, na huko kuna bakteria wengine wanaoigeuza kuwa asidi ya salfa. Asidi inakula saruji. Tulipofunua chemba ya mwisho kabla ya pampu, upande wa chini wa mfuniko ulikuwa umegeuka uji mweupe. Ungeweza kuukwangua kwa kijiko. Kokoto zilikuwa zimebaki zikitokeza peke yake, saruji iliyozishika imekwenda, na nondo zilionekana zikiwa nyekundu kwa kutu. Nje, mfuniko huohuo ulikuwa mzima kabisa na magari yalipita juu yake kila siku.

Siku ya kuibadilisha chemba hiyo tulikuwa na vibarua. Kijana mmoja alichuchumaa ukingoni muda mrefu akitazama chini, kisha akageuka akauliza, "Mzee, mbona harufu imeisha? Nishuke sasa?"

Fundi mkuu alimshika ukosi wa shati akamvuta nyuma kabla hajajibu lolote. Gesi hii pua huinusa ikiwa chini ya sehemu moja katika milioni. Ikifika karibu sehemu 100 katika milioni, pua yenyewe inakufa ganzi na mtu anaona hewa imekuwa safi. Ikizidi mamia kadhaa, pumzi chache zinatosha kumwangusha. Ndiyo maana visa vya watu kufia kwenye mashimo ya vyoo mara nyingi huwa vya watu wawili au watatu: wa kwanza anaanguka, wa pili anashuka kumwokoa, wa tatu anamfuata wa pili. Kwetu sasa hakuna anayeshuka bila kipima gesi kilichotangulia kwa kamba, feni inayosukuma hewa safi, mkanda mwilini, na watu wawili juu wasio na ruhusa ya kushuka hata mwenzao akianguka. Hilo la mwisho ndilo gumu kulieleza. Watu wanaona ni ukatili. Kazi ya walio juu ni kuvuta kamba, na mtu aliyeshuka hawezi kuvuta.

Yote hayo yalihusu nyumba zilizounganishwa na mtandao. Nyingi hazikuwa zimeunganishwa. Zilikuwa na matangi ya septiki, na wenyewe walijiona wametulia kuliko sisi wenye mtambo.

Tangi la septiki hufanya kazi moja: hutuliza maji. Vizito vinazama, mafuta yanaelea, maji ya katikati yanatoka kwenda kwenye shimo la kufyonza. Hapo umeondoa vitu vigumu vingi na labda theluthi hadi nusu ya uchafu unaokula oksijeni. Vimelea wengi wanapita. Nitrojeni nayo inapita karibu yote, maana sehemu kubwa ya nitrojeni tunayoitoa mwilini imo kwenye mkojo, nayo imeshayeyuka, haina cha kuzama. Bara, kazi inayobaki hufanywa na udongo mkavu ulio chini ya shimo: maji yanashuka taratibu, yanakutana na hewa na vijidudu vya udongo, yanachujwa. Ufukweni udongo mkavu huo haupo. Ukichimba mpaka kiunoni unakuta maji, na maji hayo yanapanda na kushuka na bahari. Shimo la kufyonza linakuwa bomba la kumwagia, ila tu halionekani.

Mama mmoja jirani na mtambo ndiye aliyetufundisha nusu ya somo hili. Tulikuwa tumepita nyumba hadi nyumba tukihimiza watu wasafishe matangi yao, naye alikuwa wa kwanza kuitika. Aliita gari la kunyonya, likavuta mpaka sakafu ya tangi ikaonekana. Ilikuwa bamvua, na mvua ilikuwa imenyesha. Asubuhi tukamkuta amesimama uani, mikono kiunoni. Tangi lake la faiba lilikuwa limeibuka kutoka ardhini kama mtumbwi, limepasua sakafu, limekata bomba la choo.

"Mwanangu," akaniambia, "mlisema nisafishe. Nimesafisha. Limefufuka."

Kila mita moja ya ujazo iliyo tupu chini ya usawa wa maji inasukumwa juu kwa nguvu ya karibu tani moja. Tangi jepesi likiwa tupu halina cha kulishikilia. Siku hizi gari la kunyonya haliji bila kuuliza kwanza siku: huja wakati wa maji mafu, saa za kupwa, halivuti mpaka chini, na tangi linajazwa maji mara moja. Matangi mapya yanafungwa kwa mkufu wa zege kuzunguka kitako. Mama yule alipata tangi jingine kwa michango ya jirani zake, na hajaacha kutukumbusha.

Nusu ya pili ya somo ilikuja na rangi. Wenye matangi walikuwa wakituambia, "Uchafu wangu uko kwangu, haumgusi mtu." Kwa ruhusa ya mwenye nyumba mmoja karibu na ufuko, tukamimina chooni rangi ya uchunguzi, ile ya kijani inayong'aa, isiyodhuru. Bahari ilipopwa kesho yake, mstari mwembamba wa kijani ulikuwa ukichirizika kutoka kwenye mchanga, chini kidogo ya alama ya maji kujaa, mahali watoto wanapochimba mashimo na kuyaangalia yakijaa. Sikuhutubia. Watu walikuja wenyewe kutazama, na mwenye nyumba alikuwa miongoni mwao.

Lililotokea kwetu si ajabu. Miaka ya 1990, watafiti kule Key Largo, Florida, walitia kwenye tangi la septiki virusi vya bakteria visivyodhuru watu, wakavikuta kwenye mfereji wa karibu ndani ya saa 12. Kisiwa kile kimekaa juu ya mwamba wa matumbawe, na mwamba huo umejaa matundu.

Watu huogopa vijidudu, na wana haki. Lakini ukiwauliza wavuvi, watakuambia habari za mwani. Kwenye maziwa na mito, fosforasi ndiyo mara nyingi inayoamua mwani uote kiasi gani. Baharini, mara nyingi ni nitrojeni. Matumbawe yamezoea maji maskini, yasiyo na virutubisho vingi, na nitrojeni ikiongezeka mwani unakua haraka kuliko matumbawe, unayafunika, unayanyima mwanga. Kisa kinachonipa moyo ni cha ghuba ya Kaneohe, Hawaii. Kwa miaka mingi ilipokea majitaka, na mwani wa kijani ukatanda juu ya matumbawe. Mwaka 1977 na 1978 majitaka hayo yakahamishiwa kwenye bomba la bahari ya kina nje ya ghuba, na baada ya hapo mwani ukapungua na matumbawe yakaanza kurudi. Hawakusafisha maji kwa ustadi wa ajabu. Walihamisha mahali pa kumwagia. Jamii ndogo kama yetu haina uwezo wa kulaza bomba refu namna ile, ndiyo maana kwetu swali lilikuwa ni kiasi gani cha nitrojeni tunaweza kukikamata nchi kavu.

Hapo ndipo tulipogombana. Upande mmoja ulitaka mtambo mwingine wa hewa, mkubwa, wa kisasa. Mimi nilikuwa upande wa mabwawa, na bado niko huko. Mashine za kupuliza hewa kwetu zilikuwa zikiliwa na upepo wa chumvi. Beringi zikifa, spea zilitoka mbali, na katika kungoja wadudu walikosa hewa wakafa. Mtambo unaohitaji fundi wa kutoka mbali utasimama siku ambayo fundi huyo hapatikani, na majitaka hayasimami.

Tulichokubaliana mwishowe ni mchanganyiko. Kila nyumba imebaki na tangi lake la septiki, lakini maji yanayotoka hayaendi tena ardhini. Yanaingia kwenye mabomba membamba ya plastiki yaliyochomelewa kwa moto, hayana kiungio cha kuvuja, na kwa kuwa vitu vigumu vimebaki nyumbani, mabomba hayahitaji mteremko mkali wala kuchimbiwa chini sana. Yamelazwa juu ya maji ya ardhini kwa sehemu kubwa. Wazo hili si geni: mwanzoni mwa miaka ya 1960 lilikuwa tayari linatumika Zambia, enzi hiyo ikiitwa Rhodesia ya Kaskazini, na Australia ya Kusini.

Kutoka hapo maji yanakwenda kwenye mabwawa yaliyotandikwa plastiki nene ili yasivuje mchangani, kisha kwenye kitalu cha matete yanayovumilia chumvi, yaliyooteshwa juu ya kokoto. Bwawa la mwisho lina kina cha karibu mita moja tu, makusudi, ili jua lifike chini. Mwani hula hewa ya ukaa mchana, pH, yaani kipimo cha uasidi wa maji, inapanda kupita 9 (kadiri inavyopanda, uasidi unapungua), na kati ya jua, pH hiyo na muda mrefu wa kukaa, vijidudu vingi hufa bila klorini. Klorini tuliikataa. Ikikutana na amonia hutengeneza kloramini, nazo ni sumu kwa samaki, yaani tungesafisha kwa ajili ya waogeleaji na kuwaua samaki wa wavuvi. Mayai ya minyoo yenyewe ni mazito, yanazama kwenye mabwawa ya kwanza.

Lawama tuliyoipata zaidi ni rangi. Maji ya bwawa la mwisho ni ya kijani kwa sababu ya mwani, na watu walisema mtambo wa zamani ulitoa maji meupe, huu mpya unatoa matope. Ilibidi tuonyeshe vipimo. Kwa maji ya chumvi tunapima bakteria wa kinyesi waitwao enterokoki wa utumbo, wanaotumiwa pia na mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2003 kuhusu maji ya kuogelea, kwa sababu wanastahimili bahari kuliko E. koli, bakteria mwingine wa kinyesi. Yale maji meupe ya zamani yalikuwa yamejaa. Haya ya kijani ni afadhali kwa mbali. Si wote waliosadiki, na simlaumu mtu anayeamini macho yake kuliko karatasi ya maabara.

Jambo moja bado tunalifanya kwa mkono. Maji yetu yaliyosafishwa ni mepesi kuliko bahari, hivyo yakitoka hupanda juu na kutanda, na upepo wa kuelekea nchi kavu unayarudisha ufukweni yakiwa bado hayajachanganyika. Kwa hiyo hatuyaachii ovyo. Tunayakusanya, na valvu inafunguliwa bahari inapoanza kupwa, ikafungwa kabla haijageuka. Zamu ya valvu ndiyo zamu isiyopendwa, maana bahari haijui saa za kazi: leo ni saa nne asubuhi, juma lijalo ni usiku wa manane. Kuna aliyependekeza valvu ya umeme inayojifungua yenyewe. Nimepinga. Chumvi ingeila kabla ya mwaka kwisha, nasi tungegundua kwa harufu.

Mzozo uliopo sasa hauhusu maji hata kidogo. Ni tope. Katika hali ya joto, mtu mmoja hujaza tangini kama lita 40 za tope kwa mwaka, na tangi lisiponyonywa, vitu vigumu vinaanza kutoka na maji, vinaingia kwenye bomba jembamba ambalo halikutengenezwa kwa ajili yake, na anayezibiwa bomba si mwenye tangi bali jirani wa chini. Wakazi wa kudumu wanaelewa na wanalipa zamu zao. Shida ni nyumba za wanaokuja msimu wa wageni tu: zinafungwa miezi mingi, kisha zinajaa watu mara mbili ya uwezo wake, na wenyewe hawapokei simu gari la kunyonya linapopita. Kamati inataka kila nyumba ilipie unyonyaji pamoja na bili ya maji, ilale tupu isilale tupu, na gari liingie kwa ratiba bila kumsubiri mwenye nyumba. Wenye nyumba hizo wamejibu kwamba hawawezi kulipia tangi wasilolitumia. Tumewaandikia barua ya pili, safari hii tukiambatanisha picha ya kilichotolewa kwenye bomba la jirani yao.